Maswali ya Wasomaji: Nyumba za Sinema za Mji wa Unguja

Katika toleo lililopita tulichapisha picha moja ya jengo la sinema la Majestic, lililopo Vuga, tukaiwekea maelezo ya mistari miwili tu. Barua zilizokuja kwa ajili ya picha hiyo ni nyingi kuliko nilivyotarajia, na nyingine zimeandikwa kwa hisia nzito. Nimechagua tano, na safu nzima ya leo nimeiachia jambo hili moja.

Swali. Assalaam aleikum, Babu Mjibu Maswali. Nina umri wa miaka 22, naishi Kikwajuni, na karibu kila siku napita mbele ya Majestic. Bibi yangu ananiambia kwamba jengo hilo lilikuwa na jina jingine na sura nyingine kabisa. Je, ni kweli? Na kwa nini sinema za mji wetu zilijengwa pembezoni mwa Mji Mkongwe, badala ya kuwekwa katikati yake au ndani ya Ng'ambo walikokaa watu wengi?

Jibu. Waaleikum salaam, mwanangu. Bibi yako amesema kweli tupu, na ningefurahi kumsikiliza mwenyewe.

Picha zinazocheza ziliingia Unguja katika muongo wa kwanza wa karne ya 20, zikiletwa na watu wa kusafiri waliokuja na mashine ya kuzungusha kwa mkono, wakatundika shuka jeupe mahali pa wazi au ndani ya hema, wakakusanya senti zao na kuondoka. Aliyelitoa jambo hili kwenye hema na kulitia ndani ya jengo la heshima alikuwa mfanyabiashara wa mji, Hassanali Adamji Jariwalla. Ukumbi wake, uliopewa jina la Royal, ulifunguliwa mwaka 1921, na ramani yake ilichorwa na J. H. Sinclair, Mwingereza yule yule aliyelichora jengo la mahakama la Vuga na baadaye jumba la makumbusho la Beit el Amani la mwaka 1925. Ukitaka kujua Royal ilikuwa na sura ya namna gani, simama Mnazi Mmoja ulitazame Beit el Amani kwa makini: ndiyo ladha yake Sinclair, aliyependa kuchanganya matao ya Kiarabu na mapambo ya Kihindi, kiasi kwamba hata ofisi ya serikali ilifanana na nyumba ya ibada au ya kifalme.

Royal iliteketea kwa moto katika miaka ya 1950. Mwaka 1955 likafunguliwa jengo jipya kwa jina la Majestic, safari hii likichorwa na Dayalji Pitamber Sachania, naye hakutaka kurudia ya Sinclair hata kidogo. Aliondoa matao, akaleta uso wa mistari iliyonyooka na kona zilizolainishwa, mtindo uliokuwa ukipendwa na wenye sinema kuanzia Bombay hadi London. Naona jambo hilo lina maana yake. Ukumbi wa 1921 uliwaambia watu kwamba wanaingia kasri, lakini huu wa 1955 uliwaambia kwamba wanaingia zama mpya.

Swali lako la pili ndilo lililonifanya niipe barua yako nafasi ya kwanza. Zitazame kwenye ramani sinema tatu ambazo wazee wa mji huzitaja kwa majina: Majestic iko Vuga, Empire ilikuwa Darajani, na ile iliyokuja kuitwa Cine Afrique ilikuwa upande wa Malindi, kwenye Barabara ya Malawi. Zote tatu zimeufuata ule mstari ambapo mkono wa bahari ulikuwa ukiutenga Mji Mkongwe na Ng'ambo. Jina la Darajani lenyewe linatokana na daraja lililouvuka mkono huo, ambao ulifukiwa kidogo kidogo hadi kazi ikamalizika mwaka 1957. Mwenye sinema alikuwa mfanyabiashara, na alijua kwamba ukumbi wa mamia ya viti haujazwi na watu wa Shangani peke yao. Alihitaji mchukuzi wa bandarini, karani, fundi cherehani wa Miembeni, mwenye duka na mkewe, na wote hao njia zao zilikutana kwenye ukingo ule.

Kwa hiyo mahali pale palichaguliwa kwa hesabu ya biashara, lakini matokeo yake yalikuwa makubwa kuliko hesabu hiyo. Tukumbuke kwamba serikali ya wakati ule ilipenda kuwapanga watu kwa makabila na rangi, na wakati wa Vita Kuu ya Pili hata mgao wa chakula ulifuata asili ya mtu. Ndani ya sinema za Unguja kilichomweka mtu kwenye kiti hiki au kile kilikuwa bei ya tiketi. Johannesburg na Salisbury (Harare ya leo) mambo hayakuwa hivyo. Huko rangi ya mtu ndiyo iliyoamua aingie ukumbi gani au akae upande upi. Sisemi kwamba sinema iliondoa utengano wa mji wetu, maana aliyekaa balkoni alitazama chini, na aliyekaa mbele kabisa alishikwa na maumivu ya shingo. Nasema tu kwamba walikaa chini ya paa moja, wakacheka na kulia mahali pale pale pa hadithi, na nje ya sinema pahala pa namna hiyo palikuwa pachache.

Swali. Mimi ni mzaliwa wa Unguja ninayeishi Muscat. Marehemu mama yangu alikuwa akiimba nyimbo za Kihindi jikoni, mwanzo hadi mwisho, na hakujua Kihindi hata cha kuombea maji. Aliniambia alizijua sinema. Vipi mwanamke wa wakati wake, mwenye buibui na mwenye kuchungwa, aliweza kwenda sinema? Na aliufahamu vipi mchezo?

Jibu. Mungu amrehemu mama yako, dada yangu. Nitaanza na hilo la kutoka nyumbani.

Wenye sinema wa pwani yote hii, kuanzia Mombasa na Tanga hadi Unguja na Dar es Salaam, waliweka maonyesho ya mchana kwa ajili ya wanawake peke yao, na watu wakayaita zanana, kwa neno lililotoka Bara Hindi. Wanaume hawakuruhusiwa ukumbini. Kwa mpango huo, mume au baba aliyekuwa akisema kwamba sinema si mahali pa mwanamke wa heshima hakuwa tena na hoja, maana heshima ilikuwa imezingatiwa tangu mlangoni. Tena palikuwa na Jumapili, siku ambayo familia nzima ilivaa nguo nzuri na kutoka pamoja. Tiketi za Jumapili zilikuwa adimu hata walanguzi wakapata riziki yao hapo: walizinunua mapema kwa bunda, kisha wakasimama nje kuwauzia waliochelewa kwa bei ya juu.

Mimi mwenyewe nilipelekwa na shangazi yangu miaka ya 1970, nikiwa bado mdogo kiasi cha kuruhusiwa kukaa na wanawake. Hadithi ya picha ile siikumbuki vizuri. Ninachokumbuka ni kwamba mlango ulipofungwa na taa zikapungua, wanawake wa safu yetu walishusha mabuibui mabegani, harufu ya udi ikapanda yote kwa pamoja, nami nikaona kwamba shangazi yangu, ambaye njiani nilimzoea akitembea ameinamisha kichwa, alikuwa amevaa hereni ndefu za dhahabu na maua ya asumini kwenye nywele. Alijipamba kwa ajili ya giza! Kwenye mapumziko alininunulia njugu ndani ya kikaratasi kilichokunjwa kama pembe, akasalimiana kwa sauti ya juu na wanawake aliokuwa hajawaona tangu harusi ya mwaka uliopita. Wanaoandika kwamba sinema ilikuwa burudani tu wangetakiwa wakae safu ile.

Sasa, hilo la kufahamu. Kwanza, mji wenyewe ulikuwa na watu wengi waliojua Kihindi, Kikachi au Kigujarati, na wanawake waliketi na majirani zao, kwa hiyo maneno muhimu yalinong'onezwa kutoka kiti hadi kiti. Pili, hadithi zenyewe zilihusu mambo ya nyumbani kwao. Chukua Awaara ya Raj Kapoor, ya mwaka 1951, iliyopendwa mno pwani hii: hakimu anamfukuza mkewe mjamzito kwa sababu ya shuku, mtoto anakulia katika ufukara na wizi, na siku ya mwisho wanakutana mahakamani yeye na baba yake. Mwanamke wa Unguja aliyejua uzito wa talaka, wa maneno ya watu na wa mtoto asiyetambuliwa na baba yake hakuhitaji mkalimani. Walikwenda kuitazama mara tatu au nne, na kila mara walirudi na wimbo mwingine kichwani.

Nyimbo hizo zilikuta njia imekwisha kufunguliwa. Siti binti Saad alivuka bahari kwenda Bombay mwaka 1928 kurekodi sahani za santuri kwa Kiswahili, miaka mitatu kabla ya filamu ya kwanza ya Kihindi yenye sauti kutolewa huko huko Bombay. Sinema zilipoanza kuimba, wapigaji wa taarabu walizisikiliza kwa makini. Tuni ya Kihindi ikatiwa maneno ya Kiswahili, kama zilivyotiwa pia tuni za Misri ambazo watu wetu walizichukua kwenye filamu za akina Umm Kulthum na Muhammad Abdel Wahab. Inawezekana kabisa kwamba baadhi ya nyimbo ulizodhani mama yako anaziimba kwa Kihindi aliziimba pia kwa Kiswahili siku za harusi, kwa tuni ile ile. Hadi leo tukitaka kusema kwamba jambo limejaa machozi na vituko tunasema ni picha la Kihindi, na mtu akiponea chupuchupu tunasema stelingi hauawi, pengine bila kukumbuka tulikotoa maneno hayo.

Swali. Mimi ni mwanafunzi wa chuo Dar es Salaam. Babu yangu hupenda kusimulia habari za kijana wa baiskeli ambaye akichelewa sinema yote hupiga miluzi. Sijamwelewa. Baiskeli inahusiana vipi na sinema?

Jibu. Babu yako anazungumzia mikanda. Filamu ya zamani ya milimita 35 hupita kwenye mashine kwa mwendo wa mita 27 na zaidi kidogo kwa dakika. Picha ya Kihindi ya saa tatu, kwa hesabu hiyo, ni mkanda wa karibu kilomita 5, na mkanda wa urefu huo hauwezi kuzungushwa kwenye gurudumu moja. Ulikatwa vipande, kila kipande kikawekwa kwenye gurudumu la chuma ndani ya kopo lake, na gurudumu kubwa lilichukua dakika 20 hivi. Chumba cha mashine kilikuwa na mashine mbili. Fundi alikodolea macho kona ya juu ya kulia ya pazia, ambako duara dogo hutokea kwa kufumba na kufumbua. Duara la kwanza lilimwambia aiwashe mashine ya pili, na la pili lilimwambia ahamishie picha kwenye mashine hiyo. Ukikaa na fundi wa zamani kutazama picha ya zamani, utamwona macho yake bado yanakwenda kwenye kona ile.

Lakini nakala za filamu zilikuwa ghali, na picha ikivuma, nakala moja ilionyeshwa jioni moja kwenye sinema mbili za mji. Sinema ya kwanza ilianza mapema, ya pili ikaanza baadaye, na gurudumu lililomalizika kule lilipakiwa kwenye baiskeli likakimbizwa huku. Basi kijana wa baiskeli akipata pancha, au akikutana na msongamano wa watu waliotoka msikitini, stelingi hubaki ameinua ngumi hewani, taa zikawashwa, na ukumbi mzima ukampigia miluzi mtu ambaye hata hakuwepo. Ilikuwa kazi ya mbio na ya dhamana kubwa, na ingefaa umwombe babu yako akutajie njia alizopita kijana yule.

Swali. Mhariri, mimi ni mstaafu wa Tanga. Vijana wanadai kwamba televisheni ndiyo iliyoua sinema zetu. Wengine wanasema ni serikali, kwa kutaifisha. Wewe unasemaje?

Jibu. Mzee wangu, shikamoo. Kuhusu televisheni nina jibu la haraka. Zanzibar ilipata televisheni ya rangi mapema miaka ya 1970, wakati Bara ilisubiri hadi mwaka 1994. Kama televisheni ingekuwa ndiyo muuaji, sinema za Unguja zingekufa miaka 20 kabla ya zile za Tanga na Dar es Salaam. Hazikufa hivyo. Miaka ya 1970 kumbi zetu zilikuwa bado zikijaa, na vijana walikuwa wamezidi kutokana na picha za kareti za Bruce Lee na wenzake.

La kutaifisha linahitaji uangalifu zaidi. Unguja, sinema ziliingia mikononi mwa serikali baada ya Mapinduzi ya Januari 1964. Bara, Kampuni ya Filamu Tanzania iliundwa mwaka 1968, na mwaka 1971 ikaja sheria ya kutwaa majengo, iliyowafanya wenye sinema wengi kuwa wapangaji ndani ya nyumba walizozijenga wenyewe. Sipendi kulihukumu jambo hilo kwa neno moja, kwa sababu siasa ya wakati ule ilitaka mali ya umma iwe ya umma, na palikuwa na dhuluma za kweli zilizotaka kusahihishwa. Lakini mwenye sinema wa zamani alikuwa akisafiri, akiandikiana barua na Bombay, akijua wateja wake wa Jumapili wanalilia nini, na kila faida akiirudisha kwenye viti, rangi na mashine. Afisa aliyepewa kusimamia ukumbi alikuwa na mshahara wake ule ule, ukumbi ukijaa au ukiwa mtupu. Kidogo kidogo viti vilichanika na havikushonwa, paa likavuja, na hakuna aliyeona kwamba ni hasara yake.

Kisha ikaja dhiki ya fedha za kigeni mwishoni mwa miaka ya 1970, baada ya bei ya mafuta kupanda na vita vya Kagera vya 1978 na 1979. Nchi iliyokosa fedha za kuagiza dawa na sabuni isingeweza kuagiza filamu, wala vijiti vya kaboni vilivyowasha taa ya mashine, wala vipuri. Nakala zile zile zilirudishwa msimu baada ya msimu, zimekwaruzika, vipande vimepungua, wimbo unakatika katikati. Katika hali hiyo, miaka ya 1980, ndipo zikaingia kanda za video, ambazo kwetu nyingi zililetwa na jamaa waliotoka Dubai na Muscat. Ninaamini, na hili ni maoni yangu, kwamba pigo la video lilikuwa kubwa kwa sababu liliwatoa kwanza wanawake. Mwanamke aliyekuwa akisubiri zanana sasa aliweza kukaa nyumbani kwake na dada zake akatazama picha mpya iliyo safi, na wanawake walipoondoka sinema ikabaki ya vijana wa kiume na fujo zao, jambo lililowafukuza hata wale wachache waliobaki. Kwa hiyo, ukinibana nitaje sababu moja, nitakuambia ni kuachwa bila matunzo, kisha video ikamkuta mgonjwa tayari yu kitandani.

Tangu hapo kila ukumbi umekwenda na njia yake. Sinema ya magari ya Msasani, Dar es Salaam, iliyofunguliwa mwaka 1966, uwanja wake ulikuja kujengwa ubalozi mpya wa Marekani baada ya ule wa zamani kulipuliwa kwa bomu mwaka 1998. Sinema ya Shan ya Ngara, Nairobi, ilikuwa na bahati zaidi: iligeuzwa ukumbi wa sarakasi na ngoma uitwao Sarakasi Dome, na watu bado wanaingia kwa tiketi wakakaa mbele ya jukwaa. Na kwetu, tamasha la filamu lililoanzishwa mwaka 1997 limezoea kutandaza pazia lake Ngome Kongwe, chini ya nyota. Ninalipenda tamasha hilo, lakini kila nikikaa pale hunijia wazo kwamba Majestic iko mwendo wa dakika chache tu kwa miguu.

Swali. Nimerithi sanduku la marehemu baba, aliyefanya kazi sinema. Mna tiketi, mabango ya picha na makopo mawili ya mkanda. Nifanye nini? Msomaji, Wete, Pemba.

Jibu. Ndugu yangu, usitupe kitu, wala usikimbilie kukitia plastiki ya kubandika kwa moto, maana kitachakaa humo humo bila njia ya kukitoa. Usitumie selotepu. Weka tiketi kwenye bahasha za karatasi, mabango yalale bapa mahali pakavu pasipo jua, mbali na ukuta unaovuja, na ukague mchwa kila mwezi. Andika nyuma kwa penseli, taratibu, chochote unachokijua kuhusu kila kipande.

Makopo ya mkanda yana hatari yake. Ukifungua ukasikia harufu kali ya siki, mkanda umeanza kuoza, basi utenge na mingine na uuweke mahali pa baridi penye hewa. Na kama ni wa kabla ya miaka ya 1950, huenda ni wa aina ya zamani inayoshika moto upesi sana, kwa hiyo usiuweke karibu na jiko wala taa, na usijaribu kuupitisha kwenye mashine yoyote kabla ya kuonwa na mjuzi. Ukija Unguja, nenda Nyaraka za Taifa, Kilimani, uwaeleze ulichonacho.

Kama mama yako yu hai, mkalishe karibu na sanduku kabla hujalifunga. Mtolee tiketi moja moja, umuulize alikaa wapi, alikwenda na nani, na alivaa nini siku hiyo, kisha uandike kwa maneno yake mwenyewe.